Mtoto wa Moza

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na tatu Oktoba mwaka 1955, jua halijafika utosini, na aliyeyaharibu alikuwa anashukuru.

Landrova ya Bibi Mkaguzi ilikuwa imesimama mbele ya zahanati, upande wa Lionja, na vumbi lake lilikuwa bado halijatua. Bibi Mkaguzi alikuwa mzungu mrefu, mwembamba, aliyepewa kazi ya kukagua wakunga wa vijijini wilaya nzima ya Nachingwea. Kiswahili alikijua kiasi cha kuumiza watu. Siku hiyo alikaa barazani kwenye kiti pekee chenye mgongo, kasha la mkunga limefunguliwa mapajani, anageuza mkasi juani kutafuta kutu. Mkunga mwenyewe, Moza binti Ausi, msichana wa miaka kumi na tisa, alisimama mbele yake na gauni jeupe lililopigwa pasi ya mkaa, mikono nyuma kama mtoto wa shule.

Wanawake wenye watoto walikaa chini, migongo ukutani. Mmoja wao alikuwa Klementina, Mmakonde aliyevuka Ruvuma na mumewe kufuata kazi ya kampuni ya karanga, wakabaki huku baada ya karanga kufa. Klementina hakuumbwa kunyamaza.

"Bibi," alisema, akamnyanyua mtoto wake juu watu wote wamwone, "unamwona huyu? Huyu alikuwa maiti. Alitoka rangi ya wino, halii, hatikisiki. Moza akamvuta uchafu mdomoni, akampulizia, mtoto akalia mpaka baba yake akasikia kule alikojificha. Muandike vizuri huyo dada. Muongeze mshahara."

Watu wakacheka. Hata Bibi Mkaguzi akatabasamu.

"Ni kazi yake. Amefundishwa."

"Kufundishwa nini, Bibi! Wangapi wamefundishwa? Huyu uchungu anaujua. Mwenyewe alizaa huko huko shuleni kwenu, mtoto hakukaa, akamzika. Ndiyo maana ana mkono mwepesi."

Kicheko kikakatika. Ignasi, dresa wa zahanati, aliyekuwa dirishani anafunga kidonda cha mguu, aliacha bandeji ikining'inia. Bibi Mkaguzi alirudisha mkasi mahali pake, akafunga kasha.

"Moza. Ulizaa shuleni?"

Moza alifungua mdomo. Pale ukutani wanawake walikuwa wanamtazama, na wengi wao walipakata watoto ambao mikono yake ndiyo iliyowapokea. Akaufunga.

"Nimekuuliza."

"Nimesikia, Bibi."

"Na jibu?"

Bibi Mkaguzi alisimama, akampa Ignasi lile kasha. "Liweke kabatini, ufunge. Alhamisi ijayo narudi. Moza atasema mbele ya wanawake hawa hawa. Kama alizaa, alituibia nafasi ya shule, na kazi imekwisha. Kama hakuzaa, basi anapata wagonjwa kwa uongo, na atausahihisha mwenyewe, kwa mdomo wake, ndipo atapata kasha lake."

Landrova ilipoondoka, Klementina bado alikuwa amemshika mtoto juu, amesahau kumshusha.

"Jamani," alisema. "Mimi nimesema nini?"

Moza hakuwa amezaa. Hakuwa amemjua mwanamume. Kilichomzuia kusema hapana ni sheria mbili, na hakuna hata mmoja wa wakubwa aliyejua kwamba zilikuwa mbili.

Sheria ya kwanza ilikuwa ya kwao wenyewe. Walipoamua kwamba kila zahanati iwe na mkunga, walitaka wasichana waliomaliza darasa la nne, wasioolewa, wasio na mtoto, ili wasome miaka miwili katika hospitali ya misheni bila kukimbilia nyumbani kunyonyesha. Waliotunga hilo walikaa kwenye meza, Lindi au Dar es Salaam, wakaletewa chai. Hakuna aliyemkumbuka bibi mmoja wa Kimwera amuulize: kwenu, nyumba ya uzazi anaingia nani? Angeambiwa kabla ile chai haijapoa. Anaingia aliyezaa. Ambaye hajazaa haoni, hashiki, hata mwenye uchungu akiwa dada yake wa tumbo moja. Akiona, mtoto aliyezaliwa hukauka, na yeye mwenyewe hufungwa tumbo. Wanawake hufundwa hivyo unyagoni, wawe Wamwera, wawe Wamakua, na wale waliotoka Msumbiji walikuja nalo neno hilo hilo.

Kwa hiyo serikali ilimfundisha Moza kazi, kisha ikamleta mahali ambapo kazi hiyo haruhusiwi kuiona.

Miezi ya kwanza hakuitwa na mtu. Alikuwa anachemsha mkasi wake kila asubuhi, anaurudisha kwenye kasha, halafu anachukua ufagio. Ignasi, ambaye alitoka Masasi na alikuwa na darasa lake la nane, akawa anamwita Mkunga wa Baraza, kwa kuwa baraza la zahanati ndilo alilokuwa akilitunza peke yake. "Mkunga wa Baraza," humwambia, "leo umezalisha vumbi kiasi gani?"

Ndipo siku moja mwanamke akakwama. Aliyekuwa anamzalisha ni Bi Sabaha, bibi yake Moza mzaa mama, kungwi mkubwa wa pale, mwanamke ambaye nusu ya Lionja ilipita mikononi mwake. Moza alikuwa nje na kasha lake, amezuiwa mlangoni. Bi Sabaha alitoka, akawatazama wenzake, akasema kwa sauti ya kawaida: "Mwacheni apite. Alizaa huko shuleni, akazika. Nilificha kwa aibu."

Moza alisikia. Hakukubali, wala hakukataa. Aliingia, na mtoto akatoka mzima na mama yake mzima. Tangu siku hiyo akawa anaitwa, na wanawake wazima wakaanza kumpisha njiani na kumwita mama.

Alasiri ya Alhamisi ile, uani kwa Bi Sabaha, Ausi alikuwa amekaa kwenye kigoda akiutazama ukuta. Ausi alikuwa baba yake Moza. Alioa akahamia ukweni, kama desturi, na mkewe alipofariki katika uzazi alibaki pale pale kwa sababu ya binti zake wawili. Wakati wa karanga alikuwa dresa katika hospitali ya kampuni, Nachingwea mjini. Kampuni ilipovunjika akaambiwa ujuzi wake ni wa kampuni, serikali haiutambui. Akitaka, aanze upya shuleni pamoja na vijana wa darasa la nane. Yeye darasa la nane hakuwa nalo. Alirudi kulima ufuta.

Mkwe hamkabili mama mkwe wake uso kwa uso, wala hamjibu moja kwa moja. Kwa hiyo wawili hawa waligombana kupitia Mwanaima, dada mkubwa wa Moza, aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka katikati yao na mimba ya mwezi wa tisa.

"Mwanaima," alisema Ausi kwa ukuta, "mwambie mama kuna watu wamemzulia mwanangu mimba."

Bi Sabaha alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, anapepeta mtama. "Mwanaima, mwambie baba yako sikumzulia mimba. Nilimzulia mtoto. Mimba ina aibu. Mtoto ana heshima yake, hata akiwa amekufa."

"Mwambie heshima hiyo ndiyo inayomfukuzisha kazi."

"Mwambie bila heshima hiyo kazi yenyewe ilikuwa ufagio."

"Mmesikiana wote wawili," alisema Mwanaima. "Mimi mzigo ninao mmoja tayari. Msinipe na huu."

Ausi hakumsikia. "Mwambie, mimi nilifunga vidonda vya watu mpaka vidole vikanuka iodini hata nikila. Wakaja siku moja wakaniambia mimi si kitu. Sasa wanakuja kwa huyu. Na aseme kweli. Hakuzaa. Nani amewahi kufukuzwa kwa kutozaa?"

"Aseme kweli," Bi Sabaha alidakia, na kwa hasira alisahau kumtumia Mwanaima. "Akishasema, nani atamfungulia mlango? Watoto wote aliowapokea, kila atakayekohoa, kikohozi kitakuwa cha Moza. Atakayeharisha, ni Moza. Na huyu hapa je?" Akaelekeza ungo kwenye tumbo la Mwanaima. "Wa kwanza tulimzika. Huyu nani atampokea? Mimi?"

Akaweka ungo chini, akanyoosha mikono mbele. Ilikuwa inatetemeka, yote miwili, kama ya mtu mwenye homa. Ausi aligeuka akaitazama, kisha akakumbuka adabu, akageukia ukuta.

"Mikono hii siku hizi haishiki hata kata ya maji," alisema Bi Sabaha. "Nilipomwona yule mwanamke anakufa mbele yangu nikajua. Kuna mikono mizuri pale nje, imesimama, imezuiwa na mlango. Nikaufungua kwa neno. Basi."

Moza alikuwa amekaa kizingitini na gauni lake jeupe, hajalivua.

"Mbona hukuniuliza, Bibi?"

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Na yule angekufa. Basi, nimekujibu."

Kesho yake Moza alikwenda kuteka maji mtoni. Mto ulikuwa umekauka, wanawake walichimba mashimo mchangani na kungoja maji yajikusanye, na kungoja huko ndiko kulikoleta maneno.

"Mama Marehemu, shikamoo," alisema mmoja, akacheka.

"Usimcheke," mwingine akasema. "Mwache atuambie. Mtoto alikuwa wa kike au wa kiume?"

Moza aliinamisha kata.

"Alizikwa wapi? Kwa masista? Wanazika na wasio wao?"

"Na baba yake nani? Padri?"

Hapo wakacheka wote, lakini mmoja hakucheka. Huyo alikuwa na mtoto mgongoni, mwenye homa kidogo, na alimzungusha mtoto wake upande wa pili, mbali na Moza, taratibu, kama mtu anayeweka sawa kanga tu. Moza aliona. Alichota maji nusu ndoo, akaondoka.

Klementina alimfuata mbio, mtoto akirukaruka mgongoni.

"Dada, nisimamie kidogo. Nisimamie, nina mtoto."

"Nimesimama."

"Mimi mdomo wangu umenizidi. Mume wangu amenipiga kwa ajili yako, amesema nimeuuma mkono uliotulisha. Niambie cha kufanya. Nikamwambie mzungu nilikuwa mlevi? Nitamwambia. Kweli nilikuwa nimeonja kidogo."

"Ukimwambia hivyo, wenzako watasikia nini?"

Klementina akafikiri. Alipofikia mwisho wa kufikiri, uso wake ukabadilika. Alimshika mtoto wake mguu, nyuma mgongoni, akaushikilia.

"Moza," alisema kwa sauti ndogo. "Kwani hukuzaa?"

Moza aliweka ndoo kichwani. "Mtoto wako ananyonya vizuri?"

"Ananyonya."

"Amekauka?"

"Hajakauka."

"Basi nenda nyumbani, dada."

Jumatatu Ausi aliazima baiskeli ya mkwewe Seleman, mumewe Mwanaima, akaenda Nachingwea. Alivaa koti lake la udresa, la kaki, lenye vifungo viwili vilivyobaki. Hakumwambia mtu anakwenda kufanya nini.

Langoni mwa hospitali alisimama askari wa getini mwenye fimbo. Alikuwa Bashiri, aliyekuwa akimwaga vyoo vya wodi siku zile Ausi anafunga vidonda.

"Bwana dresa!" alisema Bashiri kwa furaha ya kweli. "Umezeeka, kaka. Baiskeli ilaze nje, siku hizi haziingii. Na koti hilo livue, watakuuliza umelitoa wapi."

"Nimelitoa hapa hapa."

"Ndiyo maana nakwambia ulivue."

Akalivua, akalikunja kwapani. Alisubiri nje ya ofisi mpaka watu waliokuja nyuma yake wote wakaisha. Bibi Mkaguzi alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, maana kumkaribisha ndani kungemaanisha kumpa kiti.

"Binti yangu hajazaa, Bibi. Mimi baba yake nasema."

"Wewe ni baba. Utasema hivyo. Kitu kidogo sana nimemwomba: aseme kweli."

"Akisema kweli hawatamwita."

"Watazoea. Elimu inachukua muda."

"Dada yake ana mimba ya mwezi wa tisa. Yeye muda hana."

Bibi Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Kazi yake ilimlipa kwa kuwa na msimamo, akawa nao. "Mlete huyo dada wodini hapa."

"Lori la Mhindi linalobeba ufuta linapita kwetu Ijumaa. Nitamleta, inshallah. Lakini Moza, Bibi. Mhamishie hapa. Mjini hakuna atakayemuuliza amezaa au hakuzaa."

"Haiwezekani. Kuanzia Januari wodini tunachukua wasichana wa darasa la nane. Ile shule ya wakunga wa vijiji yenyewe inafungwa. Mpango umebadilika."

"Umebadilika tena?"

"Kwa uzuri. Tunainua kiwango."

"Na waliosoma kwa mpango ule wa kwanza?"

"Watabaki vijijini walipo."

"Na kijijini wakikataliwa?"

Bibi Mkaguzi alitazama saa yake ya mkononi. "Ni wasichana," alisema. "Wataolewa."

Ausi aliangalia sakafu ya korido ile. Aliijua. Aliisugua siku ambazo wasuguaji hawakuja, maana mgonjwa hawezi kungoja cheo cha mtu. Alitaka kusema neno. Alitafuta neno ambalo lisingemdhuru binti yake, na katika maneno yote aliyokuwa nayo tumboni hakulipata hata moja.

"Kasha, basi," alisema. "Mrudishieni kasha mpaka dada yake ajifungue."

"Kasha ni mali ya serikali. Alhamisi atalipata, kwa neno moja. Siyo mimi ninayelizuia, ni yeye."

Getini Bashiri alimuuliza kama amefanikiwa. Ausi akavaa koti lake, akafunga vile vifungo viwili, akasema amefanikiwa sana.

Mwanaima hakungoja lori la Ijumaa. Uchungu ulimshika Alhamisi alfajiri.

Bi Sabaha alimwingiza nyumba ya nyuma, akawaita wenzake. Akaja Bi Mwamina, aliyemfuata kwa ukungwi, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia. Wakaja wengine wawili. Seleman, kama wanaume wote, akapelekwa mbali. Alikwenda kukaa kwa Ignasi zahanati, akawa anauliza kila dakika kama dawa ya uzazi inauzwa. Ausi hakwenda mbali. Alikaa nyuma ya banda la kuku, ambako hakuna aliyemkataza kwa kuwa hakuna aliyemwona.

Moza alibandika maji jikoni. Aliyachemsha, yakakauka, akachemsha mengine. Alikuwa amewaambia mapema: "Bi Mwamina, niingie." Bi Mwamina akamjibu kwa upole, "Ngoja kwanza, mwanangu. Wiki hii kuna maneno." Hakusema zaidi, wala hakuondoka mlangoni.

Saa ziliposogea, sauti ya Mwanaima ilibadilika. Moza alikuwa amefundishwa kusikiliza sauti. Aliacha moto, akaenda mlangoni.

"Nipisheni," alisema. "Au mwambieni Bibi atoke."

Bi Sabaha alitoka. Mikono yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko na ilitetemeka waziwazi, hakuificha.

"Mguu umetangulia," alisema. "Mmoja. Wa pili siuoni."

"Msimvute. Bibi, mtu yeyote asimvute."

"Nani avute, na mikono hii?"

Kutoka ndani Mwanaima alipiga kelele: "Moza! Moza yuko wapi? Mwacheni aingie!"

"Mwenye uchungu hana kauli," alisema Bi Mwamina, lakini macho yake hayakutulia.

Landrova ilifika wakati huo huo. Zahanati Bibi Mkaguzi alikuwa amekuta wanawake wachache na Seleman analia, akaambiwa, akaja moja kwa moja. Ignasi alishuka naye amebeba kasha kifuani kwa mikono miwili. Nyuma yao walikuja wanawake wa zahanati kwa miguu, Klementina na wenzake, na watoto wao.

"Nini kimetokea?" Bibi Mkaguzi alimuuliza Moza, na Moza akamweleza kwa maneno machache, kama alivyofundishwa kueleza. Mzungu akabadilika rangi. "Tumpakie kwenye gari."

"Barabara ile, Bibi, na mguu uko nje? Atafia njiani."

"Basi nitaingia mimi."

Alipiga hatua. Bi Mwamina hakusogea, wala hakupandisha sauti.

"Bibi, samahani. Una watoto wangapi?"

"Mimi? Sina."

"Hukuzaa hata mmoja?"

"Sikuolewa. Mimi ni muuguzi. Nimezalisha mamia ya—"

"Basi kaa nje, Bibi. Tutakuletea kiti."

Wanawake waliokuwa nyuma walinong'ona. Hawakuwa na chuki. Walimwonea huruma, mwanamke mzima vile na tumbo tupu. Bibi Mkaguzi alisimama pale pale, mkono wake hewani, na kwa mara ya kwanza tangu aje wilaya ile alionekana kama mtu aliyekuja mahali bila kuuliza njia. Kisha akamgeukia Moza, maana huyo alikuwa wa kwake, aliweza kumwamuru.

"Sema sasa. Sema hukuzaa, na kasha hili hapa. Mkasi, uzi, dawa, sindano ya kuzuia damu, kila kitu. Mtu asiye mkunga wa serikali siwezi kumpa. Nikimpa, ni mimi nitakayeulizwa."

"Nikisema hivyo nitalipeleka wapi, Bibi? Hapa uani?"

Ignasi, ambaye miezi yote ile alimcheka, alikuwa anamtazama Moza kwa macho ya kusihi.

Akisema ndiyo, mlango unafunguka, na anaingia mikono mitupu, na akitoka si mkunga wa mtu yeyote. Akisema hapana, anapewa kasha zima na kubaki nje nalo. Kila mtu pale uani alikwisha kuuona mzani huo isipokuwa wale waliouweka, ambao walikuwa mbali, wanainua kiwango.

"Sabaha," alisema Bi Mwamina, "neno hili ulitupa wewe. Lirudie basi, mbele ya Bibi huyu. Mjukuu wako alizaa?"

Bi Sabaha alimtazama Moza muda mrefu. Midomo yake ilisogea.

"Nilishamsemea mara moja," alisema. "Leo simsemei." Akarudi ndani kwa Mwanaima, akaenda kumshika kichwa.

Nyuma ya banda la kuku Ausi alisimama. Alitoka waziwazi mbele ya wanawake wote, mwanamume peke yake mahali ambapo mwanamume hakai, na hakuna aliyemfukuza. Klementina alimshusha mtoto wake kutoka mgongoni, akampakata, akamfunika masikio kwa kiganja.

Ndani Mwanaima aliita tena, safari hii bila jina la mtu.

Bi Mwamina alimshika Moza bega. Mkono wake ulikuwa mzito na wa moto, na sauti yake ilikuwa ile ile ya taratibu, kana kwamba walikuwa wawili tu.

"Mimi sina ugomvi na wewe, mwanangu. Mle ndani ni dada yako, na wewe ndiye unayejua tunaingiza nini kwake. Nakuuliza mara moja, na chochote utakachosema nitakiamini. Ulizaa, au hukuzaa?"